Ukaguzi wa Kushtukiza kwa Gari Langu

Mheshimiwa Mwenyekiti,
Tume ya Haki za Binadamu.

YAH: KUCHOSHWA NA UKAGUZI WENU

Shikamoo, mzee wangu. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkuu wa kituo cha polisi ambacho ofisa wenu, Mama Mkaguzi, hukikagua kila mwezi. Sipingi kukaguliwa. Napinga namna.

1. Gari lenu la pekee liko juu ya mawe tangu mwaka juzi. Kwa hiyo Mama Mkaguzi akitaka kunishtukiza Alhamisi, hunipigia simu Jumatatu ili nikamfuate. Mimi ni mtu wa kutii: nikitakiwa kushtuka, nashtuka. Lakini safari hii nilishtuka kupita kiasi, mahabusu wakanicheka waziwazi.

2. Ripoti ya kunilaumu huandikiwa mezani kwangu, kwa karatasi zangu. Majuzi aliniuliza kama "kunyanyasa" ina "ny" mbili. Nikamsahihishia, maana sipendi kazi ya ovyo ikiwa na jina langu.

3. Mapendekezo. Mnapendekeza niwaachie mahabusu waliopitiliza muda wa kisheria. Mnapendekeza nitafakari. Nimetafakari mpaka basi. Mke wangu hajawahi kunipendekezea kitu, na nyumba inakwenda. Faili lenu limenenepa, siku hizi tunalitumia kuzuia mlango usibamizwe na upepo.

4. Aliyewateua ninyi ndiye aliyemteua bosi wangu. Tukikutana kwenye hafla, mnaniamkia ninyi kwanza, tena mmeinama. Mkaguzi gani huyo, jamani?

Hivyo basi, kwa kuwa gari ni langu, meza yangu, karatasi zangu na sarufi yangu, naomba kwa heshima mniachie na ukaguzi wenyewe. Nitajikagua kila Ijumaa na kujikaripia inavyostahili. Ninyi mtatia saini tu.

Nisalimieni wote hapo ofisini, pamoja na mlinzi wenu asiye na kiti. Mama Mkaguzi mwambieni miwani yake ameisahau kwangu.

Wako mtiifu katika kukaguliwa,
Mkuu wa Kituo

Nyongeza: Barua hii ilikuwa bado mezani binti yangu, fundi cherehani, alipokamatwa na kituo cha jirani. Kosa lake, aliuliza kwa nini wenzake wa sokoni wamekamatwa. Leo siku ya tatu. Nimempigia mkuu mwenzangu, ananiambia nisiwe na wasiwasi, taratibu zinafuatwa. Taratibu hizo nazijua, ndiyo maana naogopa. Yote niliyoandika hapo juu nayafuta. Nipo nje ya ofisi yenu na gari, injini inawaka. Mama Mkaguzi ashuke sasa hivi, na tafadhali, asimpigie mtu simu.