Marehemu wa Kona ya Kulia

Jumapili, 4 Mei 2025

Tumepigwa tena. Kumi na nne kwa moja! Na hiyo moja tuliipata kwa sababu kijana wao aliteleza.

Mimi sikukaa kwenye benchi la shule hata siku moja. Herufi hizi nilifundishwa na masista wa parokia nikiwa na mvi tayari. Lakini kuhesabu mpaka tisa naweza. Besiboli inataka watu tisa. Korongo wa Woluwe, timu yetu hapa ugenini, wanaingia wanane na marehemu mmoja.

Marehemu ndiye Banza. Alikuwa analinda kona ya kulia, kule nyuma kabisa kwenye majani. Moyo ulimsimama mwezi wa kumi na moja. Bado jina lake liko kwenye orodha! Zamu yake ya kupiga ikifika anaitwa, hakuna anayesimama, tunahesabiwa kosa. Na mjukuu wangu Kasoki, mzima, miguu miwili, analinda chupa za maji. Misimu miwili anangoja kucheza.

Nikamfuata papa Rigobert, rais wa timu. Akasema matanga ya Banza hayajaondolewa, donc, basi, mahali pake hapaguswi. Kocha Éliézer akaitikia kama mbuzi. Nikawaambia timu hii inaongozwa na makaburi. Wakasema maman Kavira, pole pole.

Tena kitu kimoja. Mpira uliruka mpaka kona ya kulia, ukapotea kwenye majani. Hakuna mtu kule. Halafu ukarudi. Polepole, ukipanda kilima, ukasimama kwenye kiatu cha Kasoki. Wote wakasema ni upepo. Upepo gani! Bendera ilining'inia kama nguo mbichi.

Jumanne, 6 Mei

Nimepata akili. Matanga yaondolewe, Banza aende zake, Kasoki aingie. Rahisi!

Nikaenda madukani Galerie d'Ixelles kwa Yolande, mjane wake, anasuka nywele pale. Nikajifanya nataka kusukwa. Na nywele zangu hizi tatu! Yolande akasema yeye hana neno, lakini tarehe inatoka kwa wakwe zake kule nyumbani, Likasi, na wakwe hawapokei simu. Halafu akainama karibu na sikio langu. Kila Jumatatu anapangusa glavu ya Banza na kuifungia kabatini. Kila Jumatatu inayofuata anakuta majani ndani. Mabichi.

Nikasema ni panya. Akauliza panya gani anayebeba majani mpaka juu, étage ya nne.

Tukapita kwake, akanipa glavu niondoke nayo, hata hakuninyima. Niliiweka kwenye mfuko chini ya ndizi. Nilipofika nyumbani ilikuwa ya moto kama paji la uso la mtoto mwenye malaria. Ndizi zote zimeiva.

Alhamisi, 8 Mei

Nimedanganya. Mungu aangalie pembeni kidogo.

Nilimpigia papa Rigobert, nikamwambia wakwe wa Likasi wamepiga simu na wametoa ruhusa. Akauliza nani hasa amepiga. Nikasema tonton, mjomba mkubwa. Akauliza yupi. Nikasema yule anayekohoa. Kila familia ina mmoja. Papa Rigobert akalia kwenye simu. Alimpenda Banza, kumbe. Niliona haya, kama dakika mbili.

Bon. Matanga ni Jumamosi, kulekule uwanjani. Na ameahidi: yakiisha, Kasoki anaanza Jumapili.

Kasoki ameniuliza mbona nacheka peke yangu. Nimemwambia ni meno.

Jumamosi, 10 Mei

Tumeondoa matanga. Kikwembe kimoja kwa wote, kitenge cha maua ya kijani. Nilipika bugali, sombe ya majani ya muhogo, na makayabu, samaki wa chumvi. Éliézer aliomba muda mrefu mpaka sombe ikapoa. Hata sala hajui kuibadilisha ikichoka, atajuaje kubadilisha mrushaji mpira?

Kwetu ni hivi: marehemu anawekewa sahani moja ya mwisho, imeelekezwa njia ya kuondokea. Watu wanageuka, wanaondoka, hakuna kutazama nyuma. Basi, ameagwa.

Niliweka sahani kona ya kulia. Tukageuka. Nikasikia kijiko.

Nikatazama nyuma. Ndiyo, mimi! Sahani ilikuwa nyeupe, imefutwa hata mafuta. Mbwa hakuna. Ndege hakuna. Majani tu yamelala chini mahali pawili, upana wa viatu vya mwanaume.

Sasa mimi nifanyeje? Maisha yangu yote sijaacha sahani tupu mbele ya mtu. Mkono ulienda wenyewe. Nikaongeza bugali. Nikaongeza makayabu, kipande kizuri cha tumboni. Yolande akanishika mkono, akanipigia kelele: maman, tunamuaga mutu, wewe unamuongezea! Nikamwambia kwangu hakuna anayeagwa akiwa na njaa. Nikaongeza mara ya tatu.

Jumapili, 11 Mei

Tumeshinda! Tano kwa nne! Papa Rigobert alicheza ngoma mpaka kofia ikaanguka.

Kasoki alianza, kona ya kulia. Nilipiga vigelegele mpaka mzungu mmoja akahamisha kiti. Mpira wa kwanza ulipita juu ya kichwa chake, nikafumba macho. Nikafumbua: umo kwenye glavu. Mkono wake ulikuwa nyuma ya mgongo, umepinda vibaya. Mara tatu hivyo. Alivaa glavu ya Banza, si nilimpa mimi?

Nyumbani hakula. Ameniambia: koko, bibi yangu, sijadaka hata mmoja. Kuna mtu anasimama nyuma yangu. Anapumua sombe. Ananishika kifundo cha mkono, anauelekeza. Akanionyesha kifundo, vidole vinne vimeandikwa kwenye ngozi.

Amesema hataki ushindi wa namna hiyo. Alitaka adake mwenyewe, hata mmoja. Banza asipoondoka, ataacha mchezo kabisa. Na alilia, mutoto wangu, ambaye hakulia hata tulipokimbia vita Butembo.

Nimeapa mbele ya Biblia. Sitapikia tena mfu yeyote.

Ijumaa, 16 Mei

Nilikwenda kwa Yolande nikaungama yote, hata tonton anayekohoa. Akacheka mpaka kitana kikamponyoka. Halafu akapiga simu Likasi mbele yangu, safari hii wakapokea. Na kweli yule tonton anakohoa! Ametoa ruhusa.

Tukaenda uwanjani sisi watatu, mchana. Yolande aliweka sahani moja. Kasoki alinishika mikono yote miwili kama polisi. Nyuma yetu kijiko kililia, kikanyamaza. Halafu kikagongwa kwenye sahani, mara tatu, kama mtu anayeita aongezewe. Machozi yalinitoka. Sikugeuka.

Glavu sasa ni baridi.

Jumapili, 18 Mei

Tumepigwa. Kumi na moja kwa mbili.

Lakini Kasoki! Mpira wa mwisho kabisa, ulikuja juu, jua machoni, akakimbia, akaanguka kwa magoti, akadaka. Mwenyewe! Alinionyesha mpira kutoka kulekule mbali, mikono juu. Nyuma yake majani yalikuwa yamesimama wima yote. Ningekufa leo ningekufa nimeshiba.

Jumatatu, 19 Mei

Nimefikiri asubuhi nzima. Kasoki yuko sawa, amepata mahali pake. Tatizo ni uongozi. Yule mrushaji wa Éliézer anarusha kama anayetupa maji ya vyombo! Papa Rigobert anasema hakuna mwingine.

Hakuna mwingine, eti. Mume wangu Lucien, miaka tisa sasa yuko ardhini, alikuwa anapiga mwewe kwa jiwe kutoka mlangoni kwetu. Hakukosa hata mara moja. Na matanga yake niliyaondoa vizuri, sahani moja tu, sikutazama nyuma. Nimejuta miaka yote tisa.

Mimi niliapa kutompikia mfu. Mume si mfu yeyote, ni mume.

Saa sita mchana niliandaa sahani mbili. Makayabu, kipande cha tumboni. Nikakaa, nikaandika haya.

Kiti cha mbele yangu kimesogea sasa hivi.

Nimemwambia ale taratibu, mechi ni Jumapili. Nimemwongezea.