Siku nilipoivua rangi kamioneti ya Baba

Leo nimejiaibisha, na marehemu baba yangu nimemwaibisha pamoja nami.

Jumamosi tunaondoa matanga yake. Mama aliomba kitu kimoja tu: kamioneti ya Baba, gari lake dogo la mizigo, itutangulie kanisani ikiwa na rangi mpya, watu wa hapa Uvira wamkumbuke kuwa alikuwa mtu mnyoofu. Nikasema kazi hiyo niachieni. (Mimi, ambaye kazi yangu nzito kuliko zote ni kwenda kununua mkate.)

Baba aliipaka mwenyewe kila Noeli, kwa brosi, rangi iliyobaki kwa watengeneza mitumbwi. Ya zamani hakuibandua hata siku moja. Fundi Elia, anayepaka magari rangi, alinionya nikwaruze juujuu tu, nisifike kwenye chuma. Nikamkumbusha kwamba nina diplome.

Asubuhi nikavaa ganti mikononi, nikachukua soda ambayo Mama anapikia sabuni, nikaikoroga na unga wa muhogo mpaka ikawa uji mzito, nikaupaka mlango wa abiria. Rangi ikavimba. Bluu ikang'oka. Kijani. Njano. Jirani yetu Mama Sifa akaja kuegemea uzio, akitazama. Nilijiona daktari wa upasuaji.

Chini ya njano kulikuwa na mastiki, ule ulimbo wa kuzibia matundu ya gari. Mwenye akili angeacha hapo. Nikakwaruza.

Likatokea ua jekundu.

Mlango wa gari hauna maua. Nikaendelea: ua la pili, ukingo wa bluu, halafu herufi mbili zilizotobolewa kwa msumari. Herufi za Mama.

Lilikuwa beseni lake la bati la arusi, alilokuwa anauzia ndagala, dagaa wa ziwani. Lilipotea nikiwa darasa la nne, na Mama akatangaza pale bombani, mbele ya watu wote, kwamba mwizi ni Mama Sifa. Tangu siku ile hawasalimiani. Kumbe Baba ndiye alilichukua, akalipondaponda kwa nyundo na kuziba nalo tundu la mlango. Miaka yote hiyo alikula chakula chake kimya. (Na kila Noeli akaongeza rangi.)

Nilitaka kulifunika kwa mgongo. Nilichelewa. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, na Mama Sifa ameshavuka uzio.

"Mama Riziki, ni ile?"

"Ni ile," Mama akajibu. Akamgeukia Mama Sifa. "Unisamehe, dada yangu. Minye nilikutukana bure."

Mama Sifa akausogelea mlango, akainama kuzisoma herufi.

"Nimesamehe. Lakini weye Riziki, usipake rangi hapo. Jumamosi niko naenda ndani ya hii gari. Nitakaa upande huu."

Nikamtazama Mama aniokoe. Akatikisa kichwa kukubali.

Basi Jumamosi mkiona kamioneti inayong'aa pande zote isipokuwa mlango mmoja wenye maua, na mama mmoja amekaa wima dirishani kama malkia, simameni kwa heshima. Ni matanga. Mtachekea kwenu.