Pini Kumi na Mbili

Jumamosi, 1 Juni
Siku mbaya. Egon, jirani yangu wa bustani, ametundika ramani ya Ulaya kwenye kibanda cha chama chetu cha bustani. Pini kumi na moja! Nchi kumi na moja kwa treni, kwa pasi moja tu ya reli. Wanachama wote wakapiga makofi. Gudrun, mke wangu wa miaka thelathini na nane, akapiga makofi mpaka akaangusha keki. Kisha Egon akanishika bega, akaniuliza mbele ya watu eti, Lothar bwana, wewe safari yako ya mbali kabisa ni ipi, choo cha bustani? Wakaangua kicheko. Gudrun naye! Nimemwona. Wivu? Hapana. Ndiyo. Wivu unanila.

Jumatatu, 3 Juni
Nimenunua pasi. Siku saba za kusafiri, karibu Ulaya nzima. Mpango: nchi kumi na mbili. Gudrun akauliza kwa nini nisinunue pasi mbili, maana hajawahi kuiona bahari ya Trieste, kule Italia. Nikamweleza kwamba haya si matembezi, ni kazi. Akasema haya, mume wangu, akaenda kumwagilia maharagwe. Masharti nimeyasoma yote. Ndani ya nchi yako mwenyewe pasi inafanya kazi mara mbili tu: mara moja kutoka, mara moja kurudi. Nimepigia mstari kwa rula. Egon hana hata rula.

Jumatano, 5 Juni
Kutoka Kassel, mji wetu, hadi Basel. Uswisi! Pini ya kwanza. Nilikula mkate wangu wa jibini kwenye benchi, mshindi mtupu. Ndipo Gudrun akanitumia picha ya maharagwe, eti yameanza kutambaa. Pembeni ya picha: buti la njano. Kassel nzima mwenye mabuti ya njano ni mtu mmoja. Ndani ya tuta langu! Mimi nahangaika na nchi za watu, yeye yuko kwenye maharagwe yangu! Nikapanda treni ya kwanza kurudi nyumbani. Uswisi nimekaa dakika arobaini.

Alhamisi, 6 Juni
Egon alikuwa anasimika miti ya kutambazia maharagwe tu. Ndivyo wanavyosema. Gudrun akauliza nimerudia nini. Nikasema soksi. Akasema soksi zimo mkobani, amezikunja mwenyewe. Asubuhi nikaenda stesheni kuanza upya. Mkaguzi wa tiketi, mama mwenye miwani, akaitazama pasi, kisha akanitazama mimi. Akasema mzee wangu, umeshatoka na umesharudi, basi. Nikauliza sasa pasi hii itanifikisha wapi. Akasema popote Ulaya, mradi isiwe Ujerumani. Na Kassel iko katikati kabisa ya Ujerumani! Akaniuliza, wala hakucheka, kwani nilisahau nini nyumbani.

Jumamosi, 8 Juni
Ninunue tiketi hadi mpakani, na pasi ninayo mfukoni? Egon angecheka mpaka Krismasi. Mbinu mpya: baiskeli. Mpaka wa Uholanzi, kilomita mia mbili hivi. Nikafika Warburg. Mvua. Pancha. Goti. Nikampigia Gudrun simu. Aliyekuja na gari ni Egon! Akanipa mkate wa soseji, akasema pole jirani, siku nyingine ukitaka lifti sema tu, usione haya. Soseji ilikuwa tamu. Hilo ndilo limeniuma zaidi.

Jumatano, 12 Juni
Gudrun hayupo. Mezani nimekuta barua. Amenunua pasi yake, ametangulia Salzburg. Ataningoja Jumamosi saa nane mchana, kwenye jukwaa la stesheni. Tiketi yangu ya kufika huko ameshailipia, ameibana kwa klipu. Niende, tushuke Trieste sisi wawili, bila ramani. Mwisho ameandika kwamba angependa walau siku moja nimtazame yeye kama ninavyoitazama ramani ya Egon. Nimeisoma mara mbili.

Kisha nikapiga hesabu. Austria, Italia. Pini mbili tu! Lakini ngoja. Salzburg iko nje ya Ujerumani. Nje! Pasi imefufuka!

Jumamosi, 15 Juni, ndani ya treni
Kumbe treni hii haiishii Salzburg. Inaendelea hadi Budapest! Gudrun nilimwona dirishani, amekaa kwenye benchi na gauni lake la bluu, anachungulia kila behewa. Alipendeza. Moyo ulinidunda kama zamani. Nikainuka, nikashika mkoba. Lakini Hungaria, na jirani yake Slovakia! Nikainama chini ya dirisha mpaka treni ikaondoka. Trieste haihami. Nitamweleza.

Saa tisa. Gudrun ametuma picha. Yuko pale pale jukwaani, anatabasamu, aiskrimu mkono wa kulia, aiskrimu mkono wa kushoto. Ameandika: Moja yako, inayeyuka.

Picha nzuri. Nimeitazama muda mrefu.

Mikono yote miwili ina aiskrimu. Basi nani kampiga picha?

Nashuka Linz, kituo kinachofuata. Treni ya kurudi Salzburg ipo jukwaa la pili. Nimeikuza picha mpaka mwisho, pembeni na chini, chini kabisa. Natafuta buti la njano.