Mgeni kutoka Horohoro

Jumatatu, 2 Novemba 1992

Mkutano wa mtaa, hapa Makorora. Bibi Afya Yudith katoka mjini kuja kutuambia kwamba yale maradhi ya kuharisha na kutapika yamefika upande wa pili wa Horohoro. Yakivuka mpaka, kwetu ni saa chache tu kwa basi. (Jina la maradhi silitaji hata humu ndani. Sisi watu wa pwani tumefundwa: maradhi ya namna ile hayatajwi.)

Kataka tuunde Kamati ya Tahadhari. Mwenyekiti, Mzee Mwinyijuma, maana ndiye mwenyekiti wa kila kitu. Katibu je? Hapo nikakaa sawa. Katibu atapewa baiskeli ya kuzungukia mtaa. Mpya! Ina kengele, taa na kiti cha nyuma. Tangu shirika litupunguze kazini mwaka juzi natembea kwa miguu, mimi Mselem, karani mwandamizi wa miaka kumi na tisa.

Akina mama wakampendekeza Nehemia. Nehemia! Msambaa wa Lushoto, dresa mstaafu wa hospitali ya shamba la mkonge. Kazi yake ilikuwa kufunga vidonda. Nikasimama nikaeleza kwamba ukatibu ni mwandiko, na mwandiko wangu unajulikana. Bibi Afya kaamua niwe kaimu kwa juma moja. Jumamosi atakuja kukagua maandalizi, na mtaa ukiwa tayari nitathibitishwa. Mpaka hapo baiskeli inakaa sebuleni kwa Mzee Mwinyijuma. Nimeigusa kidogo kwenye usukani.

Jumanne, 3 Novemba

Tangazo. Nehemia kaniletea rasimu yake bila kuombwa. Astaghfirullah! Kaanza na lile neno, tena kwa herufi kubwa. Halafu: chemsheni maji, msinywe maji ya kisima cha nyuma ya soko, mwagieni chokaa vyooni. Hakuna salamu, hakuna adabu. Ndivyo watu wanavyosemeshana huko mlimani.

Nimeandika langu. Nalinakili hapa kwa ajili ya wajukuu:

“Assalam aleikum na Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu wananchi, mgeni mzito yuko njiani kutoka Horohoro. Anaweza kuingia mtaani kwetu siku yoyote. Kila nyumba ijiandae. Usafi uzingatiwe, vyombo vioshwe, maji yawe tayari. Chokaa itagawiwa bure. Tusikubali mgeni huyu atukute tumelala.”

Mzee Mwinyijuma kalisoma mara mbili, kasema hivi ndivyo anavyozungumza mtu aliyelelewa. Nehemia kasema watu hawataelewa. Nikamjibu kwamba watu wa pwani huelewa kabla hujamaliza. Limesomwa msikitini baada ya alasiri, na mimi mwenyewe nimelitembeza mitaani kwa kipaza sauti cha betri. Sauti yangu bado imo.

Jumatano, 4 Novemba

Mwitikio! Sijawahi kuona. Tangu asubuhi watu wanafagia. Mifereji imezibuliwa. Bwana Dharsi wa dukani katoa magunia sita ya chokaa kwa moyo mkunjufu, na kufika adhuhuri yamekwisha. Nikapita kuona kazi. Kila jiwe la kando ya barabara limepakwa jeupe, pia minazi, pia nguzo za umeme, pia jiwe moja ambalo baadaye niligundua ni mbuzi wa jirani amelala. Vyooni sikuingia. Si mahali pa katibu.

Watu wananiita Bwana Katibu. Nehemia hajaniita.

Alhamisi, 5 Novemba

Balaa dogo. Mke wangu Mwamvua kaniuliza wakati wa chai: huyo mgeni ni mwanamume au mwanamke? Wenzake wa kikundi cha ngoma wanatunga wimbo na hawajui waseme baba au mama. Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikaacha kucheka.

Nikatoka kuchunguza. Barazani kwa Dharsi wanabishana: mmoja kasema mgeni ni kiongozi wa chama kipya, maana sasa vyama vimeruhusiwa. Mwingine kasema ni tajiri anayekuja kununua mashamba ya mkonge. Dharsi kanivuta pembeni, kaniuliza kama mgeni anakula nyama, na kwamba mkewe Zarina yuko tayari kumpikia.

Nehemia kaja mbio nyumbani. Kasema turekebishe tangazo leo leo, tulitaje lile neno wazi. Nikamwomba anipe nafasi ya kufikiri. Nimefikiri. Jumamosi Bibi Afya anakuja. Atakuta mtaa unang'aa na watu wamejipanga. Yeye ni nani, kama si mgeni? Nikilirekebisha leo watu watavunjika moyo, na katibu anayevunja watu moyo hapewi baiskeli. Basi libaki kama lilivyo.

Nehemia kaamua kupita nyumba kwa nyumba peke yake, akilitamka neno lenyewe milangoni kwa watu! Wamemfungia. Bibi mmoja kamwambia akome kumtukana mgeni kabla hajafika.

Ijumaa, 6 Novemba

Mvua ya vuli imepiga tangu alfajiri. Bomba halitoi maji siku ya tatu. Akina mama wamechota kwenye kisima cha nyuma ya soko kwa ajili ya kesho. Maji mekundu kidogo, wameyachuja kwa khanga. Pilau itapikwa, hiyo sina wasiwasi nayo. Mwamvua kakabidhiwa sharubati ya ukwaju, mapipa mawili, itiwe barafu. Nilikumbuka rasimu ya Nehemia, ule mstari wa kisima. Nikafikiria kusema. Lakini Mwamvua alikuwa ana furaha sana, anaonja na kuongeza sukari, anaonja tena, na mimi tangu nipunguzwe kazi sijamwona hivyo. Nikanyamaza.

Leo sikuweza kula, kwa kuiwazia ile kengele.

Jumamosi, 7 Novemba

Siku ya aibu, lakini si yangu.

Bibi Afya Yudith kashuka kwenye gari saa nne. Vigelegele! Ngoma! Shada la maua shingoni! Kaimbiwa kwamba mtaa umemngoja na usingizi haukuja. Kapita katikati ya mawe meupe akitazama kulia na kushoto kama mtu aliyekosea njia. Kauliza vyoo viko wapi. Kaonyeshwa. Havina chokaa hata chembe. Kauliza maji ya chumvi na sukari ya kuwapa wagonjwa. Kapewa sharubati. Kauliza maji yalitoka wapi, akaambiwa, akaiweka bilauri chini bila kunywa. Akina mama wamechukia sana. Mgeni gani hata hagusi kinywaji?

Kisha kaniita mbele ya kamati. Kanitaka nieleze mgeni wa kwenye tangazo ni nani. Nikamnong'oneza. Kasema nitamke, wote wasikie. Nikakohoa. Kasema tena. Nikakohoa tena. Mzee Mwinyijuma kaniunga mkono kwa kukohoa naye. Bibi Afya kashika kipaza sauti mwenyewe, lakini betri ilikuwa imekwisha kwa sababu ya wimbo, na watu walishaanza kugawa pilau.

Uthibitisho umeahirishwa. Kaondoka kwenda kutafuta dawa na mahema. Nimeandika barua ya malalamiko kuhusu wageni wasio na shukrani.

Jumapili, 8 Novemba

Mwamvua.

Kaanza baada ya alfajiri. Nilidhani ni pilau. Kufika saa moja na nusu hawezi kusimama. Macho yameingia ndani, vidole vimekunjamana. Kaniita jina langu, sauti haitoki. Niliogopa. Naandika wazi: sijawahi kuogopa hivi, hata siku ile ya barua ya kupunguzwa.

Nikakimbilia kwa Nehemia, peku. Kachukua chupa zake za maji ya kuchemsha, chumvi na sukari, kaja kumnywesha Mwamvua kijiko kwa kijiko, Mwamvua anatapika, anamnywesha tena. Kasema lazima afike kwenye hema la Bibi Afya pale zahanati. Gari hakuna. Kaingia sebuleni kwa Mzee Mwinyijuma bila hodi, katoa baiskeli, tukamfunga Mwamvua kwa khanga kwenye kiti cha nyuma, mimi namshikilia huku nakimbia. Nehemia anapiga kengele njia nzima. Hata wakati ule niliisikia ni kengele nzuri. Mungu anisamehe.

Njiani watu walitoka milangoni wakauliza kulikoni. Wengine mikononi wana bilauri za ile sharubati iliyobaki. Nikaliona hilo. Nikafungua kinywa nikalitaja. Kipindupindu! Kipindupindu! Kimo kwenye sharubati! Mwageni! Nililipigia kelele mpaka koo likapasuka, kutoka kwangu hadi zahanati, bila kipaza sauti. Nilisikia mapipa yakipinduliwa nyuma yangu.

Watu kumi na mmoja wamelazwa. Mwamvua ana sindano ya maji mkononi. Nimekaa nje ya hema. Hawaniruhusu kuingia.

Jumatano, 11 Novemba

Alhamdulillahi. Wote kumi na mmoja wamepona. Mwamvua karudi nyumbani, mwembamba, anakula uji. Kaniambia kwamba alinisikia nikipiga kelele na ndiyo mara ya kwanza katika ndoa yetu nimesema jambo moja kwa moja. Nikamwongezea uji. Nalia nikiandika, basi.

Kamati imekaa. Ukatibu kapewa Nehemia, na baiskeli. Sikupinga. Bibi Afya kasema kwa kuwa Jumapili mtaa mzima ulinisikia na kutii, nibaki na matangazo. Katibu Msaidizi, Matangazo! Wametambua kipaji.

Kazi ya kwanza: kesho wakaguzi watapita kuangalia vyoo. Nehemia kaniachia karatasi kabla ya kwenda zahanati: “Kesho vyoo vyote vitakaguliwa.” Vyoo! Neno hilo lisomwe hadharani, mbele ya wakwe za watu! Jumapili ilikuwa dharura. Hii si dharura. Nimeliandika kwa lugha ya watu waliostaarabika, kama sisi wa pwani tusemavyo mtu akienda kujisaidia:

“Assalam aleikum na Tumsifu Yesu Kristo. Kesho asubuhi mabwana watatu kutoka mjini watapita nyumba kwa nyumba kuangalia mambo ya uani. Wenye nyumba watoe ushirikiano na wasifunge milango. Mambo yaliyochakaa, mwenyewe atapewa siku saba ayabadilishe. Nyumba zinazochangia zijieleze.”

Nehemia yuko zahanati, hakuna haja ya kumsumbua. Betri mpya nimepata. Nimelitembeza mtaa mzima.

Alhamisi, 12 Novemba

Saa moja asubuhi. Wakaguzi bado hawajafika, lakini wanaume wote wa mtaa wametoka kuwapokea! Wamejipanga kwenye milango yao, hakuna aliyekwenda kazini. Wamewafungia wake zao ndani, nadhani wasisumbue ukaguzi. Hata Bwana Dharsi kafunga duka na kusimama nje na chuma cha dirisha, anapiga kelele kwamba Zarina wake hajachakaa na habadilishwi; sijui mke kaingiaje kwenye mambo ya vyoo. Wengi wameshika fimbo na mapanga, bila shaka kwa ajili ya kufyekea majani kuzunguka vyoo. Wananiulizia mimi, wanataka nije mbele. Nimevaa koti. Ngoja nitoke.