Lori la Mama Mkwe Lapanda Kinyumenyume

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe kaingia gereji kabla sijamaliza chai. Nikasimama, nikamwamkia. Kaitikia nusu. Lori lake la kokoto linasumbua tena. Kwenye tambarare halina neno. Likianza kupanda kilima cha kwenda kwenye ujenzi, mshale wa joto la giaboksi unapanda, mshale wa presha ya oili unashuka, taa nyekundu inawaka. Dereva anasimama katikati ya kilima na kuanza kusali.

Kanipa hadi Jumamosi. Lori lisipopanda, banda hili la gereji, ambalo liko kwenye kiwanja chake, anampa Taratibu, fundi wa ng'ambo ya barabara. Miaka tisa nimo humu! Na huyo Taratibu anafuta mikono kwa kitambaa kabla hajagusa nati. Kitambaa kisafi. Huyo si fundi, ni bwana harusi.

Nikamwambia mama mkwe kwamba ugonjwa nimeshaujua kwa kusikiliza tu. Sijui chochote. Nyumbani nikamweleza mke wangu kuwa nimejaliwa sikio la pekee. Kasema sikio la kufa halisikii dawa.

Jumanne, 4 Machi

Nimefikiri tangu alfajiri. Jibu: taa inasema uongo. Nikakata waya wake, nikapanda kilimani pamoja na dereva. Taa kimya! Nikampiga dereva begani kwa furaha. Hata nusu ya kilima hatujafika, injini ikaanza kugonga, na harufu ya kuungua ikatoka chini ya miguu yetu. Dereva kazima. Kasema kwa upole kwamba hata maiti hana homa.

Tukarudi chini kwa breki. Huyu dereva ananichimba. Waya nimeuunga.

Jumatano, 5 Machi

Mchawi ni oili nyepesi. Nimeimwaga yote, nimetia nzito, ile inayotoka kwenye galoni kwa kubembelezwa. Kitabu cha lori kinataka lita kumi na nane. Kijiti cha kupimia kikaonyesha imejaa kwa lita kumi na moja tu. Vitabu hivi vinaandikwa na watu ambao hawajavaa ovaroli.

Kijiti chenyewe, tuseme ukweli, si cha lori hili. Cha kwake kilivunjika nikizibua nacho sinki la mke wangu. Hiki nilikitoa mwezi uliopita kwenye lori bovu lililo nyuma ya banda. Ni kirefu zaidi, kinazama hadi chini kabisa. Kirefu ni bora kuliko kifupi.

Nimepangusa pia ule ubao nilioufunga mbele ya lori mwezi uliopita, mpana, maandishi mekundu: FUNDI HASHINDWI. Unapendeza. Jioni tukajaribu kilima. Mambo ni yale yale.

Alhamisi, 6 Machi

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Lori likipanda pua juu, presha inashuka. Basi lipande matako mbele! Dereva kakataa kushika usukani, kasema ana wajukuu. Nikashika mwenyewe, shingo nje ya dirisha. Presha haikushuka hata kidogo. Nikapiga honi njia nzima. Giaboksi ilitoa moshi, lakini mtu hapati vyote.

Sikujua kwamba mama mkwe yuko juu kwa msimamizi wa ujenzi. Mkwe wake kamtokea kwa kumpa mgongo, na moshi juu yake. Nilishuka nikamweleza kwamba kilima kimejengwa kikiangalia upande usiofaa. Kanitazama kuanzia utosini hadi kwenye ndala, kisha na yeye kanipa mgongo. Heri angenitukana.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe kamleta Taratibu. Kafuta mikono. Kafunga geji yake ya kupimia presha kwenye injini, kasema mshale wa lori hausemi uongo. Kachomoa kijiti, kauliza kwa adabu zote mama wa kijiti hiki ni lori gani. Kamwaga oili kwenye ndoo na kupima: lita kumi na moja. Kamweleza mama mkwe kwamba oili ikiwa kidogo na lori likiinua pua, yote inakimbilia nyuma, pampu iliyo mbele inabaki kufyonza hewa. Nilisikia vizuri, nilikuwa nimejibanza nyuma ya tairi.

Halafu kafungua ubao wangu. Nyuma yake kuna kipoza oili cha giaboksi, kile kinachotegemea upepo wa mbele. Mwezi mzima hakijapata upepo. Mama mkwe kasema kikulacho ki nguoni mwako, na hakuwa akiutazama ubao. Niliona aibu ya kweli. Nina watoto wawili wanaojua baba yao ni fundi.

Jumamosi, 8 Machi

Lori limepanda, pua mbele, limebeba kokoto hadi juu. Mishale imetulia, dereva kaimba. Funguo za banda kapewa Taratibu mbele ya macho yangu. Mama mkwe kasema naweza kubaki chini ya Taratibu, kwa ajili ya binti yake, si kwa ajili yangu. Nimeshukuru. Kisha nikaenda nyuma ya banda nikalia, si sana.

Baadaye nimetulia, nimetafakari. Taratibu kaenda kula, geji yake kaiacha juu ya meza. Nimeichunguza kwa makini. Mshale umelala kwenye sifuri. Nikaitikisa: sifuri. Nikaipuliza: sifuri. Kumbe kifaa chake ni kibovu, na kwa kifaa hicho hicho kanitilia mchanga kitumbua changu!

Sina kinyongo. Nitamtengenezea kabla hajarudi, mama mkwe aone fundi ni nani. Nimeshaifungua. Ndani mna springi ndogo sana, imeruka yenyewe dirishani. Nikishaipata, kazi imekwisha.