Ombi la Kuondolewa Maneno ya Kando

Kwa Mkutubi, Maktaba ya Mtaa

Bibi Mkutubi,

Nakuandikia nikiwa mwanachama wako kwa miaka kumi na moja sasa, ambaye hajawahi kukunja ukurasa wala kuchelewesha kitabu, ingawa nakiri kwamba vingi nilivirudisha mapema kwa sababu sikuvisoma. Leo nina malalamiko. Yanahusu kile kitabu chenye jalada la kijani, tamthilia za kale za Kisanskriti zilizofasiriwa kwa Kiingereza, ulichomwazima mke wangu. Yeye ni mshonaji, mimi ni fundi saa, na tulikuwa tunaishi kwa amani, maana yake tulikuwa hatusemezani sana.

Kwanza, kila Jumapili alasiri tunakisoma kwa sauti, na wahusika ni wengi kuliko sisi. Mke wangu amejitwalia mfalme, malkia na watawa wote. Mimi nimeachiwa rafiki wa mfalme, mlafi mwenye kipara ambaye kazi yake ni kuchekwa. Nilipouliza kwa nini, nilijibiwa, "Baba, wewe huhitaji hata kujipamba."

Pili, dibaji inasema kwamba katika lugha ya asili wafalme walisema lugha ya wasomi, na huyu mlafi alisema lugha ya watu wa kawaida. Mfasiri amewamwagia wote Kiingereza kile kile, tena cha suti na tai. Mlafi wangu hawezi kuomba chakula bila mimi kufungua kamusi mara tatu. Nikifika mwisho wa sentensi, njaa yake imeshapita.

Tatu, tamthilia hizi hazina vifaa. Maelekezo yanasema tu "anaigiza kupanda gari la farasi", na mtu amepanda. Jumatano niliomba chai. Mke wangu, akiwa na suruali ya mteja mapajani, akaigiza kuchemsha, akaigiza kumimina, akanikabidhi hewa. "Angalia, ya moto hiyo." Nikapuliza, Bibi Mkutubi. Ningefanyaje?

Nne, na hili ndilo lililonishikisha kalamu, kuna maneno ya kando. Mhusika anageuza uso, anasema la moyoni, na aliye hatua mbili kutoka kwake, kwa mujibu wa kanuni, hasikii. Nyumbani kwangu hili sasa ni sheria. Mke wangu huigeukia cherehani na kuiambia, "Mtu mzima huyu, soksi zake mwenyewe hajui zilipo." Nami sharti nizungushe bisibisi kama kiziwi. Hilo nalivumilia, ni kweli sijui zilipo. Lakini juzi aliiambia cherehani hiyo hiyo, taratibu, "Saa ya mtu baki akiiweka sikioni, ataisikiliza robo saa nzima. Mimi hunisikia pale tu ninaposema chakula tayari." Kisha akaendelea na upindo wake. Kanuni hainiruhusu kujibu. Tangu siku hiyo nimeshavunja springi mbili za saa za watu.

Kwa hiyo naomba kurasa zote zenye maneno ya kando zibandikwe karatasi. Ikishindikana, kitabu kiondolewe rafuni. Na hilo nalo likishindikana, maktaba ifungwe kwa muda, mpaka wake za watu wasahau walichosoma. Sidhani kama nimeomba makubwa.

Nisalimie wasaidizi wako, na yule mzee anayesinzia na gazeti karibu na mlango, na mfasiri pia, kama yu hai na anapokea salamu.

Wako mtiifu aliyechoka,
Fundi Saa, kadi namba 212

Nyongeza: Barua ilikuwa imeshafungwa nilipojaribu mwenyewe hayo maneno ya kando. Nilisimama dirishani, nikampa mgongo, nikaliambia pazia mambo niliyokuwa nayo tangu mwaka wa pili wa ndoa. Kwa mujibu wa kanuni, hakusikia. Ila cherehani ilinyamaza. Niliponyamaza na mimi, akauambia uzi, "Si aendelee tu." Basi naomba uniongezee muda wa kitabu: wiki mbili, au tuseme tatu. Nimefika mwaka wa nne.