Barua Thelathini na Moja kwenye Shimo la Mboji

Jumatatu, 3 Machi

Wewe uliyeliokota daftari hili, nakusihi ulifunge. Ukishindwa, basi soma kimya kimya, hata midomo isicheze. Usimsimulie mtu neno lolote, awe mkeo, awe mumeo, na zaidi ya wote asijue Bwana Stoo. Nina ajira ya kulinda.

Mimi ni karani wa shule ya msingi. Miezi yangu sita ya majaribio inaisha Ijumaa. Siku hiyo Mwalimu Mkuu anatia saini barua ya kunithibitisha kazini, au hatii. Mama ameshanunua fremu. Ameitundika sebuleni, tupu, na kila mgeni anaambiwa kitakachokaa humo.

Barua yenyewe naichapa mimi, maana barua zote za shule huchapwa na karani, hata inayomhusu mwenyewe. Nachapa, natoa kwenye printa, naweka rula chini ya kila mstari, nasoma. Nakala ya kwanza ilizidi koma moja. Ya pili, pambizo limebana. Ya tatu sikuona kosa lolote, na hilo likanitia hofu kuliko makosa yote. Leo nimefika ya ishirini na sita. Kila iliyoharibika naigonga muhuri wa BATILI, naandika tarehe, natia saini, naifungia kwenye droo. Nyaraka nyingine za ofisi zikiharibika nazo nazigonga muhuri, ila hizo huishia kapuni. Chuoni tulikatazwa kabisa kuacha waraka mbovu bila muhuri. Mtu anaweza kuutumia vibaya!

Saa nne wakaingia watoto watatu wa kamati ya mazingira. Mwenyekiti wao ni msichana wa darasa la sita, binti wa muuza nyama, na alibeba mizani ya baba yake ya kuning'iniza, ile yenye ndoano. Akaniamkia, shikamoo mwalimu. Mimi si mwalimu. Niliitikia kwa sauti nzito na sikumsahihisha. Akaeleza kwamba watapima karatasi zinazotupwa katika kila chumba, siku zote za wiki hii, kwa kuwa Ijumaa afisa wa elimu anakuja kuona kama shule inastahili bendera ya kijani. Chumba kinachotupa karatasi nyingi kuliko vyote kitatajwa mbele ya afisa.

Kisha akalitundika kapu langu kwenye ndoano kama paja la mbuzi.

Kilo moja na robo! Darasa la tatu, lenye watoto arobaini na watano, halikufika hata robo.

Bwana Stoo, ambaye ndiye mtunza vifaa, alikuwa amesimama mlangoni. Akasema sasa amejua rimu zake zinakokwenda: kumbe ofisini tunafuga mbuzi, na anakula karatasi. Watoto walicheka. Mwenyekiti hakucheka. Aliniuliza kama huwa nasoma kwenye kompyuta kabla ya kutoa kwenye printa. Nikamwambia kazi ya ofisi ana muda mrefu wa kuielewa.

Lakini kweli, kwa nini huwa sisomi?

Jumanne, 4 Machi

Mpango! Wakati shule nzima iko mstarini, nimehamishia karatasi zangu zote kwenye kapu la darasa la tatu. Nimenyata kama paka. Hakuna aliyeniona ila picha ya mfumo wa mmeng'enyo wa chakula iliyobandikwa ukutani.

Saa nne kapu langu likatundikwa. Mshale haukutikisika. Mwenyekiti alilitazama ndani, akaligeuza, akaligonga kitako. Nikasema najitahidi, maana mazingira ni uhai.

Dakika kumi baadaye akarudi. Darasa la tatu wamefika kilo moja, na mmoja wao analia kwa sababu yeye ndiye msimamizi wa usafi. Mkononi alikuwa na karatasi. BATILI. Tarehe ya leo. Saini yangu, na chini yake jina la cheo changu, limepigiwa mstari kwa rula.

Akauliza kwa adabu zote karatasi zangu zilifikaje kule.

Nikasema upepo.

Akachungulia dirishani. Jani halikutikisika. Bendera ya shule ilikuwa imelala kwenye mlingoti wake. Alifungua daftari lake la maswali akaandika huku akisoma kwa sauti: upepo wa ofisini, saa moja na nusu asubuhi, uchunguzwe.

Jumatano, 5 Machi

Nimekuta utepe mwekundu umefungwa kwenye nondo za dirisha langu. Ni wa kupimia upepo. Mtoto wa kamati anakuja kila nusu saa, anautazama, anaandika sifuri, anaondoka.

Hadi adhuhuri sifuri saba. Nilijaribu kuupuliza mwenyewe. Nikaonwa.

Halafu balaa kubwa zaidi. Mwenyekiti ametangaza kwamba kesho watapima pia karatasi zilizohifadhiwa kwenye makabati na droo bila kazi, kwa idhini ya Mwalimu Mkuu. Droo yangu! Barua zimefika thelathini na moja. Afisa akisikia karani ameandika barua moja mara thelathini na moja, nani atamthibitisha kazini? Mimi mwenyewe nisingemthibitisha.

Jioni, kabla watoto wa kamati hawajaenda nyumbani, nimekwenda nyuma ya jiko la shule kutazama shimo lao la mboji. Nilikwenda kwa ujanja, nakiri. Ila nilikaa muda mrefu kuliko ujanja ulivyohitaji. Mwenyekiti alifunua majani, akanionyesha nyungunyungu, wekundu, wanene, wanajinyonganyonga kwenye maganda ya viazi. Udongo wenyewe una joto! Niliuwekea kiganja. Sikujua kwamba takataka zikioza hutoa joto. Miaka kumi na sita nimekaa darasani!

Nikauliza, eti kuna rafiki yangu anataka kujua, je, nyungunyungu hula karatasi? Akasema hula, ikiwa imelowa. Nikauliza huchukua siku ngapi kuimaliza. Hakujua. Macho yakamng'aa. Akaniambia hilo ni swali zuri kuliko yote waliyopata muhula huu, akaliandika ukurasa mzima peke yake, na juu yake jina langu: Karani anauliza. Hapohapo wakazika karatasi moja ili waone.

Miezi sita niko shuleni hapa. Ndiyo mara ya kwanza nimesifiwa.

Alhamisi, 6 Machi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa shimoni na koleo. Barua zote thelathini na moja nimezizika. Nyungunyungu wafanye kazi yao.

Nilitaka kuzichana kwanza. Mkono ulikataa. Waraka wenye muhuri hauchanwi ovyo. Kwa hiyo nimezipanga kwa namba, nimezibana kwa stepla, na nikazitia kwenye jalada la plastiki zisichafuke.

Saa nne wamefungua droo yangu. Penseli mbili, rula, muhuri. Mwenyekiti akanipongeza. Akaongeza kwamba utepe haujasogea tangu jana.

Bwana Stoo ametazama viatu vyangu, tope hadi kifundoni, akauliza kama mbuzi ameacha kula ameanza kulima. Nikavisogeza chini ya meza. Kesho nitakuwa mtumishi aliyethibitishwa, naye atanisalimia kwa cheo.

Saa nane, nikiwa nakunywa maji, ndipo nikajiuliza: nyungunyungu ataingiaje kwenye plastiki?

Nimekwenda shimoni mara tatu kuzifukua. Mara zote tatu kamati ilikuwepo, inapima joto.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika taratibu, nisiruke kitu.

Afisa wa elimu amefika saa tatu, mtu mzima mpole, miwani imening'inia kifuani. Watoto wamemwonyesha ndoo chini ya bomba linalovuja, maji yanayomwagiliwa bustani, swichi za taa zenye majina ya wasimamizi. Mimi nilikuwa nyuma ya Mwalimu Mkuu na barua ya thelathini na mbili ndani ya bahasha, safi, haina hata doa.

Tukafika shimoni. Mwenyekiti akasimama juu ya tofali akasema sasa wataonyesha uchunguzi ulioanzishwa na swali la karani wa shule. Watu wakapiga makofi! Afisa akageuka kunitazama. Nikainama kidogo, kama bwana harusi.

Mwenyekiti akachimba. Karatasi yao ikatoka, imelowa, imelegea, bado nzima. Akaeleza kwamba siku mbili hazitoshi na wataendelea kuangalia. Nikashusha pumzi. Kisha akachimba tena kidogo pembeni, kutafuta nyungunyungu wa kumwonyesha mgeni.

Jalada likatoka kwenye koleo lake. Linang'aa.

Afisa akavaa miwani. Akasoma kwa sauti: kuthibitishwa kazini kwa karani wa shule. BATILI. Akafunua ya pili. BATILI. Alifunua zote. Watoto wa darasa la kwanza wakaanza kumwitikia, kila akifunua wanapiga kelele batili! Bwana Stoo alishika ukuta wa jiko kwa kicheko. Mwishowe afisa akamuuliza Mwalimu Mkuu, kwa upole uleule, huyu kijana amemkosea nini hata amkatae mara thelathini na moja.

Mwalimu Mkuu akanitazama. Nikasema yote. Koma, pambizo, droo, darasa la tatu, upepo. Hata kupuliza utepe nimekiri, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Nikaiona fremu ya Mama ukutani, tupu.

Mwenyekiti akanyoosha kidole. Akasema anaomba iandikwe kwamba bila karani wasingejua kuwa karatasi iliyo ndani ya plastiki hailiwi hata kidogo. Halafu akazigeuza barua zangu moja moja. Upande wa nyuma ni mweupe, akasema. Hizi ni karatasi thelathini na moja za kuandikia, mwalimu, usizizike tena.

Aliyecheka kwanza ni afisa. Akasema bendera ataitoa baada ya mwezi mmoja, kwa sharti kwamba shule haitachapa chochote kwenye karatasi mpya ikiwa ipo yenye upande mmoja safi. Mwalimu Mkuu akasema mwezi huo umeanza sasa. Akaichukua bahasha yangu, akaitoa barua ya thelathini na mbili, akampa Mwenyekiti aitunze kwa kazi nyingine kwa kuwa bado haina saini. Kisha akaniagiza nikaichape barua yangu upya, nyuma ya namba ishirini na sita.

Nimechapa. Ametia saini mbele ya wote.

Nimethibitishwa! Nimeajiriwa! Nikaigeuza barua kuhakikisha wino haujapenya, na nyuma yake, kwa herufi nyekundu, BATILI. Na saini yangu mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Mama ameitia kwenye fremu. Majirani wamekuja, wamesoma, wamempa mkono. Upande mbaya umeelekea ukutani. Wote wanafurahi. Mimi ninatazama msumari. Ukichomoka? Fremu ikianguka kifudifudi? Je, mtu aliyethibitishwa upande mmoja na kubatilishwa upande wa pili, Jumatatu anaingia ofisini kwa mlango upi?

Nimemwambia Mama naitoa barua kidogo nikaipanguse vumbi. Sasa niko ofisini, ufunguo ninao. Natoa nakala safi moja tu, ya karatasi mpya, Mwalimu Mkuu atie saini upya. Ya kwanza, nukta imefifia. Ya nne imeenda upande. Tumefika ya tisa, na zote nimezigonga muhuri. Nitazificha kwenye kabati la Bwana Stoo. Huko hawatatafuta.

Utepe ungali dirishani. Umetikisika! Nimeandika saa na dakika. Lazima Mwenyekiti ajue.

Ukitaka kunipata, usipige simu ya ofisi, anapokea Mwalimu Mkuu. Usije nyumbani, Mama atakuonyesha fremu, nayo kwa sasa haina kitu. Niandikie barua, nakala tatu, karatasi mpya, upande mmoja. Ukikosea usiichane, igonge muhuri. Zitie zote kwenye plastiki nzuri na uzizike shimoni nyuma ya jiko, pembe ya kushoto, kiasi cha urefu wa koleo. Ninapita hapo kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi.